Nywele zetu hapa London: tujikague, kisha tuweke malengo mapya

Leo katika safu yetu ya afya tunazungumzia nywele. Wapo watakaosema nywele ni mambo ya urembo, zinatafuta nini kwenye ukurasa wa afya? Jibu ni fupi: nywele huota kwenye ngozi, na ngozi ya kichwa huugua kama ngozi nyingine yoyote. Tena baadhi ya magonjwa yake ukiyachelewesha hayana marudio. Nywele zikiondoka zimeondoka moja kwa moja.

Akina dada na akina mama wengi wa kwetu wameacha dawa na kurudi kwenye nywele zao za asili. Hongereni sana. Lakini kuacha dawa ni mwanzo tu. Baada ya hapo wengi tunaweka lengo moja, nalo ni urefu: "Mwaka huu lazima zifike mabegani." Mwaka unakwisha hazijafika, tunayalaumu mafuta, tunakwenda Peckham au Brixton kununua chupa nyingine, tunaanza upya.

Leo napendekeza tubadilishe lengo. Kabla ya kuhesabu tunachoongeza, tuhesabu kwanza tunachopoteza. Kama ngozi ya kichwa haiumi wala haiwashi, na nywele za mbele na za kwenye panja zipo pale pale zilipokuwa mwaka jana, huo ndio ushindi. Urefu utakuja wenyewe nyuma yake.

TUJIKAGUE KWANZA

Chukua kioo, kaa penye mwanga wa kutosha, fumua nywele zote. Kama unaye dada au rafiki wa kukuangalia utosini na kisogoni, ni vizuri zaidi. Jiulize maswali haya matano:

1. Nywele za mbele, za kwenye panja na za juu ya masikio ziko pale pale, au paji la uso limeongezeka? Linganisha na picha yako ya miaka miwili mitatu iliyopita.

2. Utosini kuna mahali palipokuwa pepesi, panapong'aa, panapowasha au kuchoma?

3. Mara ya mwisho ulipotoka kusukwa, ilibidi umeze dawa ya maumivu ndipo ulale?

4. Kwa mwaka mzima ulisuka mara ngapi, na kati ya msuko mmoja na mwingine kichwa kilipumzika siku ngapi?

5. Zile zinazobaki kwenye chanuo ni nywele nzima zenye kidoa cheupe mwishoni, au ni vipande vifupi vifupi?

Swali la tano linawachanganya wengi, kwa hiyo tulieleze. Nywele nzima yenye kidoa cheupe imemaliza muda wake na kudondoka yenyewe. Ni kawaida mtu kupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Ukikaa na msuko wiki sita, zilizodondoka hunaswa humo humo. Hesabu mwenyewe: 50 mara siku 42 ni 2,100. Ndiyo maana ukifumua unaona bonge zima la nywele na kudhani unakwisha. Hukwishi. Lakini ukiona vipande vifupi visivyo na kidoa, hizo zimekatika. Hapo tatizo ni ukavu, chanuo, joto au mkono wa msusi.

HESABU YA UREFU

Watafiti waliopima nywele za watu wa asili mbalimbali waliona kuwa za Waafrika hukua kama robo milimita kwa siku. Za Wazungu zilikaribia milimita 0.4. Kwa hiyo sisi tunapata kama milimita saba hadi nane kwa mwezi, yaani sentimita tisa hivi kwa mwaka, tena kama hakuna hata moja iliyokatika. Mwenye nywele za sentimita tano akijiwekea lengo la mabegani ndani ya miezi kumi na miwili, amejiwekea huzuni bure.

Kingine ni umbo. Nywele zetu zimejikunja kama springi. Mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayatelemki kirahisi hadi kwenye ncha, na kila mahali nywele inapojikunja ni mahali inapoweza kukatika. Ndiyo maana ncha huwa kavu hata kama kichwa chenyewe kina mafuta. Hili halina uhusiano na ubora wa nywele. Lile neno "kipilipili" tulilorushiwa tangu utotoni tuliache huko huko.

LONDON NAYO INA MAMBO YAKE

Utasikia mtu akisema, "Nyumbani nywele zangu zilikuwa laini, hapa zimekuwa kama katani." Sababu zipo, na zinajulikana.

Ya kwanza ni maji. Maji mengi ya London yanapita kwenye miamba ya chokaa, yanabeba kalisiamu nyingi. Angalia ndani ya birika lako la umeme, ule ukoko mweupe ndio huo huo unaobaki kwenye nywele. Ukiosha kwa sabuni ya kipande ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu sabuni ikikutana na maji ya namna hiyo hufanya utando usiosuuzika. Tumia shampuu, achana na sabuni. Mara moja kwa mwezi tumia shampuu iliyotengenezwa kwa ajili ya kuondoa chumvi za maji magumu, halafu kondishona ya kutosha. Suuza ya mwisho ukiweza ifanye kwa maji ya jagi la chujio.

Ya pili ni hita. Kipindi cha baridi hewa ya ndani hukauka, na nywele hukauka pamoja nayo. Ukilala karibu na hita, asubuhi utazikuta kama majani makavu.

Ya tatu ni kofia na makoti ya sufi. Sufi husugua ncha za nywele na kunyonya mafuta. Shonea kitambaa cha satini ndani ya kofia, na usiku lalia foronya ya satini au jifunge skafu laini.

Na akina mama wanaovaa hijabu, hili ni lenu: msifunge nywele zikiwa mbichi. Mtu ametoka kuoga saa kumi na moja alfajiri, anawahi basi la kwenda kazini, anazibana na kuvaa mtandio juu. Nywele mbichi ni dhaifu, hunyumbuka na kukatika, na unyevu uliofungiwa siku nzima huleta harufu na muwasho. Kile kikofia cha ndani nacho kisibane. Kikiacha alama kwenye paji la uso, kinavuta nywele. Badilisha mahali unapofungia fundo, leo kisogoni, kesho juu kidogo.

MSUKO UNAOUMA UNAKUDHURU

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Kuna upara unaotokana na kuvutwa: rasta nzito, wivingi iliyoshonwa juu ya mistari iliyobanwa, kibutu cha kila siku mahali pale pale, dredi zinazokazwa kila wiki. Huanzia mbele na kwenye panja, polepole, bila mtu kujua. Mwanzoni utaona vipele vidogo kwenye mashina ya nywele, ngozi inauma, nywele za pembeni zinakuwa fupi na nyembamba. Ukiacha kuvuta wakati huo, nywele hurudi. Ukiendelea miaka na miaka, shina linakufa na kovu linakaa mahali pake. Hapo hakuna mafuta ya Peckham wala ya Dubai yatakayoziotesha.

Utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 2007 uliwapima watu wazima zaidi ya 800. Karibu theluthi moja ya wanawake, asilimia 31.7, walikuwa na upara wa namna hii. Wanaume walikuwa asilimia 2.3 tu. Wataalamu hao hao waliona pia kuwa hatari huongezeka sana pale nywele zilizotiwa dawa zinaposukwa kwa kubana.

Sasa tuseme ukweli. Tunamlipa msusi, tunakaa kwenye kiti saa sita, tunataka idumu. Msusi anakaza ili usirudi kulalamika, na wewe unaona aibu kusema inauma. Dada, sema! "Naomba ulegeze hapa mbele." Pesa ni yako na kichwa ni chako. Nywele changa za kwenye paji la uso aziache nje, asizing'ang'anie. Rasta ziwe nene kidogo na fupi kidogo, zipunguze uzito. Msuko usizidi wiki sita hadi nane, na ukifumua pumzika angalau wiki mbili.

Bibi zetu walisuka kwa nywele zenyewe bila kuongeza kitu, twende kilioni, mabutu, msuko wa uzi. Nayo ikikazwa inavuta vile vile, lakini haikuwa na mzigo wa rasta juu yake, na ilifumuliwa baada ya siku chache. Hiyo ndiyo siri yake.

Upo upara mwingine unaoanzia utosini na kusambaa kama duara. Huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, mara nyingi kuanzia umri wa miaka thelathini kwenda juu, na huweza kutembea katika familia. Wengine huhisi kuwashwa au kuchomwa, wengine hawahisi chochote. Huu nao huacha kovu. Usiufunike kwa wigi, upeleke kwa daktari mapema.

DAWA ZA KUNYOOSHA

Kuna wanaotia dawa mpaka leo, na ukurasa huu haumhukumu mtu. Lakini ujue unachopaka. Dawa nyingi za kunyoosha hutegemea kostiki soda, ile ile inayotengenezea sabuni. Ikikaa zaidi ya muda wake inaunguza ngozi, na zile zinazotangazwa kuwa hazina kostiki nazo zina kemikali nyingine kali. Usipake juu ya kidonda, usikune kichwa siku moja kabla, na usimpake mtoto.

Mwezi Oktoba mwaka 2022 wataalamu wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walitoa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka kumi na moja. Waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana kuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kupata saratani ya mji wa mimba. Hii ni ya mji wenyewe, si ya mlango wa kizazi. Tusitishane: saratani hiyo si ya kawaida sana. Makadirio yao ni kwamba kufikia umri wa miaka 70, katika kila wanawake 100 wasiotumia dawa, wasiofika wawili wataipata. Kwa watumiaji wa mara kwa mara ni kama wanne. Utafiti huo ulionyesha kuwa mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, haukuthibitisha kuwa dawa ndiyo chanzo. Hata hivyo ni sababu ya kutosha ya kupunguza au kuacha. Na mwanamke yeyote anayetokwa na damu baada ya hedhi kukoma, awe aliwahi kutia dawa au hakuwahi, amwone daktari haraka.

WATOTO WETU

Mapunye tuliyoyaacha nyumbani yapo na London pia, tena yanawapata sana watoto wenye asili ya Afrika. Ukiona mabaka yenye magamba, nywele zimekatika na kuacha vidoa vyeusi, au tezi za kisogoni zimevimba, usipoteze muda na mafuta ya kupaka peke yake. Fangasi hao huingia ndani ya nywele, na huhitaji dawa ya kunywa kutoka kwa daktari kwa wiki kadhaa. Vitana, kofia na mashine za kunyolea zisichangiwe.

Kuhusu shule: kuna wazazi walioambiwa kuwa nywele za mtoto ni kubwa mno au mistari hairuhusiwi. Mwezi Oktoba 2022 tume ya usawa na haki za binadamu ya Uingereza ilitoa mwongozo ukieleza kuwa kanuni za shule zinazokataza nywele za asili, misuko au mistari bila kuruhusu udhuru wowote zina uwezekano wa kuvunja Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Nenda shuleni kwa upole, ukiutaja mwongozo huo. Usikimbilie kumtia mtoto dawa ili akubalike.

LINI UMWONE DAKTARI

Sio kila nywele inayoondoka imeondolewa na msusi. Upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, homoni, homa kali, kukonda ghafla na msongo wa mawazo vyote huweza kudondosha nywele. Mama aliyejifungua huweza kuziona zikimwagika kuanzia kama mwezi wa tatu. Hiyo kwa kawaida hupona yenyewe ndani ya mwaka.

Nenda kwa GP ukiona upara wa ghafla au wa mabaka, maumivu, usaha, au panja zinazorudi nyuma. Omba aangalie damu, madini ya chuma na tezi ya shingo. Omba pia kupelekwa kwa daktari bingwa wa ngozi kama kuna dalili za kovu. Kama unameza vidonge vya biotini vya nywele mwambie, maana vinaweza kuvuruga majibu ya baadhi ya vipimo, kikiwemo cha tezi ya shingo.

Wapo ndugu zetu wanaoogopa kwenda kwa sababu ya makaratasi au lugha. Sikilizeni: hapa England mtu yeyote anaweza kujiandikisha kwa GP na kumwona bure, na hatakiwi kulazimishwa kuonyesha hati ya uhamiaji wala uthibitisho wa anwani. Ukihitaji mkalimani wa Kiswahili, omba wakati wa kuchukua miadi, hulipi. Huduma za hospitali zina kanuni zake za malipo, uliza kabla.

MALENGO MAPYA

Baada ya kujikagua, andika malengo machache yanayopimika. Haya ni ya kuanzia:

1. Picha nne kwa mwaka. Piga mbele, kushoto, kulia na utosini, kila baada ya miezi mitatu, penye mwanga ule ule. Hiyo ndiyo rula yako.

2. Hakuna msuko wa maumivu. Ukiuma siku ya kwanza, ulegezwe au ufumuliwe, hata kama umelipa.

3. Siku ya kuosha ijulikane. Kila wiki au kila wiki mbili inatosha kwa nywele zetu. Mwenye shifti za wikiendi achague siku yake ya mapumziko. Gawa nywele mafungu manne, osha ngozi kwa vidole bila kucha, paka kondishona, chanua zikiwa na unyevu na kondishona kwa chanuo lenye meno mapana, kuanzia kwenye ncha kwenda juu.

4. Maji kwanza, mafuta baadaye. Mafuta hayaongezi maji, yanayazuia yasitoke. Paka nywele zikiwa na unyevunyevu. Mafuta ya nazi ya bibi hayajapitwa na wakati: utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa huingia ndani ya nywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Yakiganda kabatini kama samli usiyatupe. Huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, na jikoni kwako London hazifiki. Yapashe mikononi.

5. Joto lipungue. Pasi ya nywele iwe ya harusi, isiwe ya kila Jumatatu.

6. Sahani nayo ihesabiwe. Maharage, dagaa, mayai na mboga za majani vinajenga nywele kuliko vidonge vya bei kubwa.

Akina baba msijione mmepona. Kunyoa karibu mno na ngozi huleta vipele vya kisogoni vinavyoweza kugeuka makovu magumu. Mwambie kinyozi aache nywele kidogo, na vipele vikianza mwone GP.

Mwisho, ujiulize lengo ni la nani. Mwaka 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimtoa Lupita Nyong'o kwenye jalada huku nywele zake zikiwa zimepunguzwa na kulainishwa kwa kompyuta. Alilalamika hadharani, na jarida likaomba radhi. Miaka kumi kabla yake, mwaka 2007, Flaviana Matata aliiwakilisha Tanzania kwenye Miss Universe kule Mexico akiwa amenyoa kipara, akaingia kumi bora. Mmoja alizitetea zake, mwingine alipanda jukwaani bila nazo. Kwa hiyo mwenye kutaka ndefu azifuge, mwenye kutaka fupi anyoe. Muhimu ni kuwa siku ukibadili mawazo, mashina yawe bado hai na ngozi bado nzima.

Basi wikiendi hii, kabla ya kumpigia simu msusi, chukua kioo na ujibu yale maswali matano. Kisha piga zile picha nne za kwanza, uziandikie tarehe.